Sabuni ya Rozalina

Kilichomchosha Tuhfa katika mwaka ule wa shida hakikuwa foleni ya unga wala giza la kukosa mafuta ya taa. Waliomchosha ni watu. Watu walikuwa wanafua kwa majani ya mpapai, wanaoga maji matupu na kujipaka mafuta ya nazi juu ya jasho, na bado ukiwawekea sabuni mkononi wanauliza kwanza imetoka wapi. Mtu ananuka kama samaki pono, eti anataka kujua nasaba ya sabuni!

Alianza kwa njia ya haki. Kazi aliijua tangu kwao Pemba, alifunzwa na bibi yake: majivu ya makumbi ya nazi na ya maganda ya ndizi, maji yake uyachuje mpaka yaume ulimini, mafuta ya nazi, moto wa subira, na mwisho chumvi ili igande. Ikatoka sabuni ya madonge ya rangi ya udongo yenye povu la kutosha kuogesha harusi nzima. Akaitia kwenye kapu na kuitembeza mitaa ya Ngamiani, mjini Tanga. Walioipokea waliigeuzageuza, wakainusa, wakamrudishia.

"Hii si ya kusugulia masufuria, bibie?"

Mwingine alimwambia, "Mungu akuzidishie," kama anayemwondosha ombaomba mlangoni. Tuhfa akarudi nyumbani na kapu lake zima, amevimba kwa hasira.

Mumewe, Ahmada, alikuwa seremala asiye na misumari. Misumari ilikuwa imetoweka madukani, naye alishinda barazani akilinoa randa lisilo na kazi. Nyumba haikuwa na mbele wala nyuma. Tuhfa akamtupia kibao cha mvule miguuni.

"Nichongee kalibu."

"Ya nini?"

"Ya sabuni. Nichongee ndege ambaye hajapata kutua Tanga, na chini yake jina la mwanamke ambaye hawezi kuwa jirani yetu."

Ahmada alicheka, lakini mikono ilikuwa inamwasha kwa kukosa kazi. Akachonga bata wa shingo ndefu aliyewahi kumwona kwenye boksi la kiberiti, na chini yake akaandika ROZALINA. Alichonga kwa mapenzi, hata manyoya ya bata yakahesabika. Tuhfa naye hakutia karafuu, maana karafuu ingeitaja Pemba kabla yeye hajafungua mdomo. Alitia mdalasini na mchaichai uliotoka milimani Amani. Akaikata mraba, akaipiga kalibu, akaifunga kwenye karatasi ya shashi. Majivu yale yale, nazi zile zile.

Akaipeleka kwa Hatim, Mbohora wa dukani, ambaye rafu zake zilikuwa zimebaki na vumbi na mizani. Hatim aliifungua, akainusa, akafumba macho.

"Sikuulizi imetoka wapi, dada yangu," alinong'ona. "Nawe usiniambie."

Basi ikawa haikai. Watu waliinunua chini ya meza, wakaificha kwenye kanga kama watoto wa kuiba. Bi Saleha, jirani wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyezidi. Alikuwa akianika taulo uani na kumpigia Tuhfa kelele.

"Shoga, njoo uninuse! Hii Rozalina. Shemeji yangu ananiletea kutoka Mombasa. Wenzetu wanajua kutengeneza vitu, si kama madonge yako yale, usinichukie."

Tuhfa alinusa. Alijua hata ni ya chungu kipi. Hakumchukia Saleha kwa uongo wa shemeji, maana kila mtu mwaka ule alikuwa na shemeji wa Mombasa. Kilichomuuma ni kingine. Alitaka kula, ndiyo, na nyumba sasa ilikula kwa sabuni. Lakini alitaka pia mtu, hata mmoja tu, amwambie: Tuhfa, umeweza. Sifa zote zilimwendea Rozalina, mwanamke asiyejua hata kuwasha moto.

Ndipo ukaja msako wa wahujumu uchumi. Mji mzima ulitetemeka. Watu walimwaga sukari vyooni, wakatupa mabati mitaroni, mwenye redio mbili akaizika moja. Tuhfa hakuficha kitu. Yeye alikuwa na hatia gani? Alikuwa ametengeneza, hakuvusha.

Wakaingia kwake asubuhi, bwana mmoja wa msako mwenye kaunda suti, askari mgambo wawili, na nyuma yao Mzee Ernesti, mjumbe wa nyumba kumi, Mbondei mpole aliyekuwa akitazama vidole vyake vya miguu. Sanduku la sabuni lilikuwa wazi katikati ya chumba.

"Hii imepitia wapi mpakani?" aliuliza bwana wa kaunda suti. "Horohoro au Moa?"

"Imepitia jikoni," Tuhfa akajibu. "Nimeipika mwenyewe."

Walicheka. Hata mgambo waliokuwa wamenuna walicheka. Bwana yule aliinua kipande, akakigeuza kwenye mwanga, akaonyesha bata.

"Mama, kazi safi namna hii itoke Ngamiani? Unatufanya watoto?"

Ahmada akakimbia kuleta kalibu. Bwana akaitazama na kusema kibao si ushahidi, huenda ni cha kupigia muhuri bidhaa za magendo. Tuhfa akahisi kichwa kinapasuka. Alipowaambia watu sabuni ni yake walimkatalia kwa ubaya wake; sasa wanamkatalia kwa uzuri wake. Mtu afanye nini na viumbe hawa?

Bi Saleha akajipenyeza, kanga kichwani, moyo mweupe kabisa.

"Baba, mimi ni shahidi," alisema. "Huyu Tuhfa hana kosa, huyu hawezi kupika sabuni kama hii! Sabuni zake nazijua, madonge meusi. Hii ni ya nje, wallahi, mimi naiogea."

"Saleha, nyamaza!" Tuhfa alipiga kelele.

"Nakutetea, shoga!"

"Unanifunga!"

Mzee Ernesti akakohoa. Kisha akatoa neno pekee la busara lililosikika siku ile. "Basi aipike," alisema. "Aipike hapa, tuone."

Bwana wa msako akakubali kwa kebehi: ikitoka, sanduku lake libaki, isipotoka, wataondoka naye yeye na sanduku. Tuhfa akafunga kanga kiunoni. Bahati nzuri alikuwa na mtungi wa maji ya majivu tayari amechuja. Akabandika mafuta, akakoroga. Mtaa ukajaa uani, wengine wamepanda ukuta. Jua likapanda, likaanza kushuka, naye anakoroga, jasho linamtiririka puani, hathubutu kujipangusa. Alijua kiganja kimoja cha chumvi kikipotea, au moto ukizidi, atalala rumande yeye, na Ahmada atabaki na randa lake. Mkono ulimwuma hadi begani, lakini moto ulimsikiliza. Alipotia chumvi, sabuni ikajitenga na maji, ikapanda juu, nene kama uji. Akaikamua, akaisindilia kwenye kalibu ingali ya moto, akaigonga mezani.

Bata akatoka. Laini bado, lakini bata na shingo yake, na ROZALINA chini yake.

Uani vikalipuka vigelegele. Mgambo mmoja alisahau cheo chake akapiga makofi. Bwana wa kaunda suti alifunga kitabu chake na kuondoka bila kuaga, na Mzee Ernesti akatangaza kwa sauti ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo:

"Wananchi! Hakuna magendo hapa. Hii sabuni ni ya mwenzetu, Tuhfa, imepikwa hapa hapa kwetu!"

Siku hiyo Tuhfa alilia kwa furaha waziwazi, hakuona haya. Sasa wamejua, alimwambia mumewe. Sasa nitauza mlangoni kwangu, kwa jina langu.

Hakuja mtu.

Hatim ndiye aliyekuja, tena kurudisha sabuni zilizombakia. Alilibeba sanduku mwenyewe, amejaa aibu. "Dada, wanasema Hatim aliwadanganya. Wanasema walilipia majivu." Hakuna aliyesema haikutoa povu. Povu hakuna aliyelikumbuka. Mwanamke mmoja sokoni alimwuliza Tuhfa, bila hata salamu, kwa nini aliwafanya wajinga.

Bi Saleha alimwita ukutani, anajikuna mkono.

"Shoga, samahani, lakini tangu nijue ni yako, yaniwasha."

"Mkono uliouogesha nayo kabla hujajua ulikuwa wa nani?" Tuhfa aliuliza.

"Basi hata sijui. Lakini yaniwasha."

Tuhfa hakuwa na nguvu ya kugombana. Aliingia ndani akakaa juu ya sanduku. Ahmada alimwuliza kama amchongee jina lake, TUHFA, kwa herufi nzuri zaidi. Akamwambia amwache.

Ijumaa, watu wakiwa msikitini, mlango wa uani ukabishwa. Alikuwa Mzee Ernesti, kofia mkononi, anatazama huku na huku.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sikiliza." Alisogea karibu, akashusha sauti. "Mimi na mke wangu hatuna sabuni. Nimekuja kwako kwa sababu wewe ni mtu wa siri."

Moyo wa Tuhfa ulimruka. Huyu alikaa uani tangu asubuhi hadi alasiri. Huyu aliona majivu, aliona chumvi, aliona bata anazaliwa. Hatimaye, mtu mmoja. Akafungua sanduku, akatoa kipande, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Mzee Ernesti akakitazama, akatabasamu kwa upole, akakirudisha.

"Hapana, mwanangu. Hii ni ile uliyotupikia. Mimi nataka ile ya kweli, ile ya nje uliyokuwa nayo kabla ya msako. Najua hukuitupa yote. Sitasema kwa mtu."

Tuhfa alitaka kucheka, alitaka kupiga ukuta kichwa, alitaka kumshika mzee wa watu mabega na kumtikisa mpaka macho yake yafunguke. Kisha hasira ikamwishia, akabaki na uchovu tu.

Akaingia ndani na kipande kile kile. Akatafuta karatasi ya shashi, akakifunga vizuri, akakunja pembe zake. Akatoka, akachungulia barabarani, akamtia mzee kifurushi mkononi.

"Ni ya mwisho," alinong'ona. "Usimwambie mtu."

Mzee Ernesti akainusa, akafumba macho. "Umeona?" alisema. "Hii ndiyo sabuni."