Uso wa Chhoeun

"Si hiyo, shangazi. Huyo mzee mrudishe. Nipe ya mapafu."

Sarom akairudisha pakiti nyuma ya pazia la kabati, akapapasa kuitafuta ya mapafu. Sheria ilimtaka azifiche sigara, naye alizificha. Lakini sheria hiyohiyo ilitaka kila pakiti iwe na picha ya kutisha, na wateja walikwisha kujifunza kuchagua. Wengine walipenda ya mapafu, wengine ya mguu uliooza. Mzee mwenye kinywa kilicholiwa na saratani hakuna aliyemtaka. Kijana huyu alikuwa dereva mgeni wa lori la mihogo, na hakujua kwamba mzee huyo alikuwa mume wa muuzaji.

"Akikutolea macho hivi, hata uji haushuki," alisema huku akicheka, akapanda lori lake.

"Hata yeye haukumshuka," Sarom alijibu, lakini lori lilikuwa limeshaondoka.

Mwanawe Rithea alivuka barabara kutoka gereji yake, mikono imejaa grisi, akajitupa kwenye kiti cha plastiki. Sarom alimpakulia uji wa mchele na samaki mkavu. Ndipo alipoona. Rithea aliinamisha kichwa kushoto, akauweka uji upande mmoja wa kinywa, akausubiri upoe humohumo ndani kabla ya kumeza. Samaki hakumgusa.

Mumewe Chhoeun alikula hivyohivyo msimu mzima wa mvua, kila siku akisema ni jino, mpaka wakampeleka hospitali Phnom Penh na kuambiwa wamechelewa.

"Fungua mdomo," alisema.

"Nini tena?"

"Nimesema fungua mdomo nikuone."

"Mama, mimi mtoto wa kuhesabiwa meno? Wateja wangu wako pale wananiangalia. Ni jino tu. Nipe sigara."

"La baba yako nalo lilikuwa jino tu."

"Haya, umeshaanza."

Akampa pakiti yenye uso wa Chhoeun. Kwa miezi sasa alikuwa hampi nyingine, akidhani iko siku mtoto atatazamana na baba yake na kuona haya. Rithea hakuitupia hata jicho. Alizimimina sigara kwenye kopo lake tupu la dawa ya kuchua, akaitupa pakiti, akavuka barabara. Pakiti ilianguka kwenye tope, uso juu. Mchuuzi wa samaki akapita, na kandambili yake ikamkanyaga Chhoeun kwenye paji la uso.

Sarom alitoka mbio. Kichwa cha mtu hakiguswi ovyo, sembuse kukanyagwa. Hata mtoto anayetambaa hufundishwa hivyo. Aliifuta pakiti kwa pindo la saruni yake, akaenda kuitia kwenye gunia lililokuwa chini ya kitanda, pamoja na nyingine zote alizokwisha kuziokota barabarani. Kuzichoma hakuweza. Chhoeun alichomwa mara moja, kwa heshima zake zote, watawa wakimsomea. Nani angekuwa na moyo wa kumchoma tena kwenye pipa la taka?

Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Kule hospitali alikuja mama mmoja mpole mwenye kamera, akasema wavutaji wakiiona picha hii wataogopa, wataacha. Chhoeun, ambaye kinywa chake wakati huo hakikupitisha hata kijiko, alikubali kwa kichwa. Sarom akaweka alama ya dole gumba kwenye karatasi ya ruhusa. Alidhani picha itatundikwa juu ukutani palepale hospitalini, juu ya vichwa vya watu, mahali panapowekwa picha za waheshimiwa. Hakujua kwamba mumewe angetiwa kwenye mifuko ya suruali na kukaliwa. Halafu mpwa wake aliyekwenda kubeba zege Laos akapiga simu akilia: "Shangazi, mzee yuko huku!" Nchi jirani zilikuwa zimetia saini mkataba mmoja na kuazimana picha. Chhoeun, ambaye enzi za uhai wake hakuwahi kuuvuka mpaka wowote, sasa alikanyagwa katika nchi mbili.

Alasiri alikuja Chanthou, afisa wa afya wa wilaya, kukagua maduka. Alilivuta pazia la kabati, akaridhika.

"Safi, shangazi. Na leo nina habari njema. Picha zinabadilishwa. Tumekaa kikao nchi zote za ukanda huu, tumekubaliana. Macho yakizoea, picha haifanyi kazi tena. Mzee sasa atapumzika."

Jambo hilo Sarom alikuwa ameliombea miaka mingi. Sasa alilirudisha pazia la kabati polepole, kama asiyetaka.

"Lini?"

"Mzigo huu ukiisha. Baada ya sikukuu ya wafu."

"Kuna mtu ilimsaidia?"

"Wengi, shangazi. Wengi wameacha."

"Nionyeshe mmoja."

Chanthou aligeukia barabarani. Gerejini, Rithea alikuwa amechuchumaa kando ya pikipiki, moshi ukimzunguka kichwani.

"Mpeleke hospitali ya mkoa," Chanthou alisema kwa sauti ya chini. "Ugonjwa huu ukiwahiwa, unatibika."

"Hanisikii. Mkishamwondoa baba yake, mimi nitamtisha na nini?"

Sikukuu ya wafu ilipofika, Sarom na mwanawe walikwenda pagoda, kwenye hekalu la watawa, kabla jua halijachomoza. Majira hayo mizimu yenye njaa hufunguliwa milango, ije kuomba chakula kwa ndugu zake, nayo vinywa vyake ni vidogo kama tundu la sindano. Wengine walifinyanga matonge ya wali na ufuta makubwa kama ngumi. Sarom aliyafinyanga madogo kama njegere, kwa sababu alimjua aliyekuwa akimlisha. Rithea alibeba sinia na mshumaa. Kama desturi, alikuwa amemwekea baba yake sigara moja ukingoni mwa sinia. Sarom aliichukua, akaivunja, akaitupa chini.

Walilizunguka hekalu peku, Sarom akitupa matonge gizani na kumwita mumewe kwa jina. Lilipobaki tonge moja, alisimama, akamgeukia mwanawe.

"Hili ni lako."

"Mama! Hicho ni chakula cha wafu!"

Waliokuwa karibu walisita. Nani amesikia mzazi akimpa mwanawe aliye hai chakula cha mizimu? Kulitamka tu ni nuksi.

"Nakuzoeza," Sarom alisema. "Mwakani nitakuwa nakutupia gizani, nisijue kama umeokota. Leo bado naweza kukulisha kwa mkono. Fungua."

"Mama, watu..."

"Waache watazame! Baba yako anatazamwa na nchi mbili."

Rithea alitaka kucheka kama kawaida yake. Badala yake akaliweka sinia chini.

"Naogopa," alisema.

"Hata mimi naogopa, mwanangu. Fungua."

Aliuchukua mshumaa na kuuinua. Rithea alifumba macho, akafungua mdomo kadiri alivyoweza.

Haukufunguka sana. Tonge lile lingepita, lakini kwa shida. Sarom alilitupa nyuma ya bega lake, kule kwa Chhoeun, bila kugeuka. Kisha akausogeza mshumaa karibu zaidi, nta ikimdondokea vidoleni, akaendelea kutazama ndani.