Bastola Iliyonukia Senene

Mtu akikutana na mjomba wangu Ta Aroni, alisikia kwanza kikohozi chake cha kujipa heshima, kisha akaona nyonga yake, na uso ukafuata baadaye. Nyonga ya kulia ilibeba ala ya ngozi ya ng'ombe, na ndani ya ala mlikuwa na bastola. Chama cha kahawa kilimpa kazi ya kusindikiza fedha za wakulima kwa lori kutoka Bukoba hadi Kamachumu, na serikali ya Mwingereza ikampa leseni. Kazi yenyewe ilikuwa ya msimu. Bastola aliivaa mwaka mzima. Aliivaa migombani, aliivaa misibani, na Jumapili aliivaa Kilutheri, yaani chini ya koti.

Zamani, pale kwetu Ijumbi, watu walimwita "mume wa Kokushubila", kwa sababu mkewe ndiye aliyekuwa akijulikana. Tangu apate chuma kile wakaanza kumwita Ta Bastola. Akiitwa hivyo, shingo yake ilirefuka kama ya korongo aliyeona samaki.

Ubaya ni kwamba ala ilikuwa inabana. Kila mgeni aliyeketi na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, lazima aonyeshwe bastola, na kila ilipochomolewa na kurudishwa, ngozi iliikwangua. Ile rangi nyeusi yenye ubluu, ambayo kiwanda hukipa chuma ili kutu isipate pa kushika, ilikuwa imetoka mdomoni mwa mtutu na kwenye kingo za gurudumu la risasi. Palibaki peupe kama goti la suruali ya mwalimu. Na mvua za kwetu mnazijua. Vidoa vya kutu vikaanza kuota hapo hapo palipokwanguka.

Mwaka uliotangulia, Inspekta wa polisi Bukoba, mzungu, aliigeuzageuza mezani, akasema, "Aroni, mwaka kesho nikiona kutu hapa, hata kidogo cha kumpaka siafu, bastola inabaki bomani. Wewe utakwenda nyumbani na mfuko mtupu."

Sasa mwaka kesho ulikuwa umefika, na ukaguzi ulikuwa wiki iliyofuata. Ta Aroni hali wala halali.

"Watanirudisha kuwa mume wa Kokushubila," alinong'ona.

"Kwani mimi nina ubaya gani?" Ma Kokushubila alimuuliza kutoka jikoni. Masikio ya yule mama!

Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, niko nyumbani nangoja kazi ya ukarani. Mjomba akanigeukia. "Mutembei, mwana wa dada yangu, umekula ada za ukoo mzima. Hiyo kemia yako inasemaje?"

"Inasema usiichomoe kila ukipewa rubisi, waitu."

"Mwone! Nakuuliza dawa, wewe unaniletea mahubiri."

Nikampa dawa ya kwanza iliyonijia kichwani: rangi nyeusi ya viatu. Tuliipaka, tukaisugua, ikang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Jumapili, katikati ya wimbo wa tatu, joto la paja liliiyeyusha. Mjomba alitoka kanisani na suruali nyeupe yenye paja moja jeusi, akitembea ubavu kama kaa.

"Kemia," alisema, akatema mate.

Tangu siku ile akaamua kujitibu mwenyewe. Ulikuwa msimu wa senene, wale panzi wetu watamu, na mwaka ule walishuka kama wamealikwa. Ma Kokushubila aliwachambua, akawakaanga kwa chumvi ya kutosha, akamwandalia mumewe. Yeye mwenyewe hakuwagusa kwa ulimi, maana alishika desturi ya bibi zake: mwanamke huwakaanga, mwanamume huwala. Ta Aroni alikula mpaka midomo ikang'aa. Akajishika mdomo. Akatazama kidole chake. Akatazama kikaango, ambamo mafuta ya senene yalikuwa yametuama.

"Mutembei! Kitu kinachong'arisha mdomo wa mtu hivi, kitashindwa na mdomo wa bastola?"

"Mjomba, mafuta hayo yana chumvi."

"Chumvi huhifadhi. Samaki wa Kemondo wanahifadhiwa kwa nini, kwa maombi?"

Akaipaka yote, mtutu, gurudumu, mpaka chini ya kifyatulio, kisha akaitia kwenye ala.

Kesho yake paka alimfuata mpaka barabarani. Kuku nao wakajipanga nyuma ya paka. Mtu mzima, mlinzi wa fedha za chama, anapita sokoni Kamachumu na msafara wa mifugo! Wachuuzi wakauliza, "Ta Bastola, leo unasindikiza nini?" Na jioni alipoichomoa, bastola nzima ilikuwa nyekundu kama udongo wa njia. Si vidoa tena. Chumvi na unyevu vilikuwa vimeivisha koti la kutu.

Hakupiga kelele. Aliketi kwenye kigoda, akaiweka mapajani, akaipapasa kama mtoto mwenye homa. Nilikuwa nimeandaa mzaha mzuri sana kuhusu paka, nikaumeza.

Ma Kokushubila akaingia, akanusa hewa.

"Aroni, nimevumilia. Kitu hiki kinanuka senene mpaka kwenye shuka. Mimi senene nawakaanga, siwali, na sitalala nao kitanda kimoja. Lete nikichemshe."

"Bastola haichemshwi, mama!"

"Imeshakaangwa, itashindwa kuchemshwa? Lete. Umetoa risasi?"

"Nimetoa."

"Zote?"

"Ngoja kidogo," mjomba akasema, akatugeuzia mgongo. Tulisikia kitu kimoja kikidondoka kwenye kiganja chake. Ma Kokushubila alinitazama mimi, akatazama dari, akamshukuru Mungu kwa macho tu.

Nilifungua skrubu, nikatoa vipande vya mbao vya mpini. Ma Kokushubila akaiosha bastola kwa majivu na maji ya moto mpaka mafuta yakaisha, kisha akaitumbukiza kwenye sufuria kuukuu ya maji ya mvua. Ikachemka pale, ikigongagonga sufuria kama inayoomba kutoka. Mjomba alizunguka jiko kama anayeuguza mgonjwa.

Ma Kokushubila akaiinua kwa kijiti, sote tukainama kuitazama. Ule wekundu ulikuwa umeondoka. Mahali pake palikuwa peusi kama masizi. Nikafikiri ni uchafu, nikasugua kwa kipande cha gunia. Vumbi jeusi likatoka, na chini yake weusi ukabaki palepale, laini, umeshika chuma. Nikataka kuwaeleza kemia ya jambo lile, nikakumbuka kwamba siijui.

Mjomba aliisogeza mlangoni penye mwanga. "Mdomo bado umepauka," alisema, na kikohozi chake kikamrudia. "Mama, irudishe. Haijaiva."

Tukaipaka maji ya chumvi, tukaiacha ishike kutu tena, tukaichemsha tena, tukaisugua tena. Tukarudia mpaka ukaguzi ukakaribia na sufuria ikawa haifai tena kwa chakula cha binadamu. Mwisho tukaipaka mafuta ya cherehani, yasiyo na chumvi wala miguu.

Tuliondoka Kamachumu na lori la kahawa, tukapitia Kemondo, mjomba ameibana ala kwa mikono miwili. Bukoba, ofisini, Inspekta alikuwa na mbwa wake mkubwa chini ya meza. Bastola ilipowekwa tu, mbwa alinyanyuka, akaweka kidevu mezani, akaulamba mtutu kwa mapenzi ya kweli.

Inspekta alimsukuma, akaichukua. Aliipeleka dirishani. Akapitisha ukucha kwenye mdomo wa mtutu. Akazungusha gurudumu, akatazama ndani.

"Aroni. Umeipeleka Nairobi?"

"Hapana, Afande. Nyumbani tu."

"Fundi nani?"

Mjomba akanitupia jicho. Akakohoa. "Ni mimi mwenyewe, Afande."

Niliangalia viatu vyangu ili nisicheke. Inspekta akagonga muhuri kwenye leseni, po! Shingo ya mjomba ikaanza kurefuka. Kisha mzungu akafungua ala yake mwenyewe, akatoa bastola iliyopauka upande mzima, akailaza mezani.

"Vizuri sana. Jumamosi ninapita Muleba. Nitakuja kwako, utanitengenezea hii. Nitakaa, nitaona unavyofanya."

Shingo ikarudi ilikotoka.

"Afande," alisema mjomba polepole, "kusema kweli, fundi ni mke wangu."

Ma Kokushubila alipoambiwa alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akafuta machozi, akatoa masharti. Jumamosi jiko litakuwa na kazi ya serikali, hivyo ebitoke, ndizi za chakula cha mchana, atamenya Aroni. Na asithubutu kujificha nyuma ya nyumba.

Basi Jumamosi majirani walipokuja kumwona mzungu, walimkuta Ta Bastola kizingitini, leseni mfukoni, bastola nyongani, kisu mkononi, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa ndizi.

"Ta Bastola! Haijaiva?"

"Ulizeni jikoni!" alijibu, akamenya.

Jikoni Inspekta alikuwa ameketi kwenye kigoda, magoti yamefika masikioni, mbwa ametulia mbele ya sufuria kama anayesubiri kugawiwa. Alimpa Ma Kokushubila bastola kwa mikono miwili, kama mtu aliyefundishwa adabu.

Mama hakuipokea.

"Umetoa risasi?"

"Ndiyo, mama. Nimetoa."

"Zote?"

Inspekta alimtazama. Kisha, taratibu, akageuza mgongo.