Wa Pili Kutoka Juu

Komeo la mlango lilivutwa taratibu, kama mtu anayemng'oa jino mtoto aliyelala. Bibi Msusi alifumbua macho gizani. Alikuwa mkwe wake, Fundi Bomba, akitoka tena kabla ya jua, viatu mkononi.

"Anakwenda wapi huyu?" bibi alijiuliza.

Mji wao ulikuwa umegawanyika kama kichwa kilichochanwa mstari katikati. Huku bondeni, kwenye viwanda na nyumba zilizobanana, watu walikipigia kura chama cha Mwavuli tangu enzi za baba zao. Kule mlimani, kwenye kuta ndefu na mageti, ilikuwa Ufunguo tupu. Ukijua mtu analala wapi, umeijua kura yake. Lakini safari hii, katika uchaguzi wa meya, kituo cha mtaa wao kilitoa kura za Ufunguo kwa wingi ambao haujapata kuonekana, na Mwavuli wakaukosa mji mzima kwa kura chache mno. Bonde zima likaanza kutafuta mchawi.

Alipatikana upesi. Fundi Bomba alizaliwa mlimani. Alishuka bondeni kwa ajili ya mke, binti yake Bibi Msusi, na miaka yote hiyo aliwazibulia watu masinki bila mtu kujali alikotoka. Sasa wakakumbuka. Simu yake ikanyamaza. Akisalimia dukani, anaitikiwa na migongo. Juzi binti alilia jikoni: mumewe anataka wahame, wao na watoto.

"Hata wewe, mama, unamtazama kama mwizi," alisema.

Ni kweli, alimtazama. Mtu asiye na kazi anatoka gizani kufanya nini? Huenda anafuata ujira wake kwa watu wa Ufunguo. Halafu bibi akishuka kitandani, anakuta ndoo yake imeshajazwa maji na kuwekwa karibu, asiumize mgongo. Mtu mbaya hujaza ndoo? Labda hujaza, ili asishukiwe.

Asubuhi hiyo alikwenda kumsuka mama yake Kinyozi, kwenye chumba kilicho nyuma ya duka la mwanawe. Pazia tu ndilo lililotenganisha. Moyoni alikuwa na lake: asikie wanaume wanasema nini.

"Huyo kawaleta wenzake wajiandikishe hapa," Kinyozi alikuwa akisema, mashine ikinguruma. "Mabomba ni kisingizio. Anaingia jikoni kwa kila mtu, anapanda maneno."

"Kwangu hakanyagi tena," mteja akajibu. "Bora nilale na maji mpaka magotini."

"Utalala na bata!"

Wakacheka. Bibi Msusi akabana midomo, akapitisha kitana. Mama yake Kinyozi, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu, akamgusa goti.

"Wasikusumbue hao, mwenzangu. Sisi tulifanya yetu. Niliweka alama palepale ulipotufundisha. Wa pili kutoka juu."

"Vizuri."

Miaka nenda rudi, ndivyo Bibi Msusi alivyowaambia wazee wenzake waliokuja kusukwa: usihangaike na picha ndogondogo za karatasi ya kura, hesabu kutoka juu. Mwavuli hawakuwahi kutoka nafasi ya pili.

"Na yule binti mpya waliyemweka juu kabisa," mama akaendelea, "mjukuu wangu anasema picha yake inapendeza."

Mikono ya Bibi Msusi ikasimama. "Mpya? Juu kabisa?"

"Mgombea binafsi. Hukumwona?"

Hakumwona. Miwani yake ilikuwa imevunjika, naye alihesabu kwa kidole. Alihesabu tena, kimoyomoyo. Binti mpya. Ufunguo. Mwavuli wa tatu. Akakumbuka vichwa vyote vyenye mvi vilivyopita mikononi mwake.

Angeweza kunyamaza. Mkwe angehama, na aibu ingehama naye. Wajukuu pia.

Akavuta pazia, kitana bado mkononi.

"Zima hiyo mashine, mwanangu."

"Kuna nini, bibi?"

"Kura mnazozitafuta ni zangu. Zangu, na za mama yako, na za wazee wote ninaowasuka." Akawaeleza jinsi ilivyokuwa.

Mteja, kichwa kikiwa kimenyolewa nusu, akamkazia macho. "Labda mkwe ndiye kakutuma useme hivyo."

"Mkwe wangu kampigia nani, sijui. Simwulizi, na wewe usimwulize. Lakini hizo ni zangu."

Kinyozi akageukia ndani. "Mama! Hata wewe umetuuza?"

"Wewe nikuuze nani atanunua?"

Mtu mmoja akaguna kicheko, wengine wakafuata. Mteja hakucheka. Kinyozi akapuliza nywele kwenye mashine, bila kumtazama mtu.

"Sinki langu linavuja. Mkweo yuko wapi?"

"Katoka alfajiri. Kutafuta kazi mitaa ya mbali, nadhani, maana ninyi hamumpi." Alisema hivyo, na hapohapo akajua kwamba hajawahi kumwuliza.

"Akirudi, apite."

"Mimi bado simwamini," mteja akanung'unika.

Bibi Msusi akarudi ndani, akamaliza mstari wa mwisho na kuufunga. Alipoinuka, mama yake Kinyozi alimshika ukingo wa nguo.

"Tangu maneno haya yaanze, watu wanaishia kwa mwanangu hapo mbele. Huku nyuma hawafiki. Njoo tena kesho, mwenzangu, hata kama hakuna cha kusuka."