Jina la Tatu kwenye Fomu

Salome Castory alikuwa anaanika singa za mkonge kwenye waya, pale Ngombezi, kanji ya kwanza, herufi ya Kijapani, ilipomfuata. Ilikuwa ile ya mvua. Ilishuka ubavuni mwa lori kuukuu lililoletwa kutoka Japani na maandishi yake, ikajipangusa vumbi, ikasimama mbele yake. Salome akaitambua, akaendelea kuanika. Kufikia Ijumaa herufi hizo za Kijapani zilikuwa mia moja, zimejaa sebuleni, na hakuna hata moja iliyompiga chenga. Mlima, mto, mtu, moto: zote alizijua kwa sura.

Shida ilikuwa kalamu. Akiishika tu, zinatoka mlangoni kama kuku waliofukuzwa. Na Alhamisi iliyofuata mwalimu Dunstan, anayefundisha Kijapani kule Kilole, angewatajia wanafunzi maneno mia moja wayaandike bila kitabu. Atakayepata tisini ndiye anakwenda Japani kutunza wazee. Salome aliitaka safari hiyo kuliko kitu chochote, na hakuona kwa nini aikose.

Babu yake hakushangaa. Babu alifariki mwaka juzi, na kila jioni huja kukaa kwenye kigoda chake, majirani wakipita wanampa shikamoo. Alitoka Kigoma enzi za manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge. Karani wa shamba, kwa uvivu wake tu, akamwandika Jumanne, kwa kuwa ndiyo siku aliyofika. Akaitwa hivyo miaka arobaini, hata msalaba wake umeandikwa hivyo, na jina lake la kweli likampotea. Akilisikia atalitambua, kulitaja mwenyewe hawezi. Hilo ndilo linalomrudisha. Basi kila jioni mama Edna wa nyumba ya tatu humjaribishia majina: Bukuru? Ntakije? Babu anatikisa kichwa kwa adabu.

"Mke wangu," babu alimwambia mjukuu wake, "mkonge sikuukata kwa macho. Mkono ndio ulioujua. Fumba macho, uandike."

Akafumba. Kwa kidole, kwenye vumbi la uani, akaandika mvua mara mia mbili. Kanji ile ikapanda kidoleni, ikaingia kwenye kifundo cha mkono, ikatulia. Nyingine zikapanga foleni. Jumatano jioni sebule ilikuwa tupu, na mkono wa kulia wa Salome umeongezeka uzito kidogo.

Alhamisi aliandika zote mia, anatazama dirishani. Mwalimu Dunstan akasahihisha, akampa fomu ya safari palepale. Salome alirudi nyumbani anatembea katikati ya barabara.

Jioni akaijaza kando ya babu. Fomu ilitaka majina matatu kwa herufi za Kijapani: lake, la baba, la babu. Mawili yalitoka bila kusita. Kwa la tatu akafumba macho, akauachia mkono. Mkono ukangoja. Hakuna aliyewahi kuliandika jina lile popote.

"Babu, hulikumbuki hata kidogo?"

"Ningelisikia ningelijua."

Salome akafumbua macho. Akaandika Jumanne.

Babu akainama, akayatazama maandishi yale mageni kwa muda, akayatambua.

"Ndiyo," akasema. "Huyu ni yule wa karani."

Mama Edna akafika na kigoda chake, akaketi, akaanza na jina jingine: Kagoma?