Beji ya Baba Isiyo na Msalaba

Arlene Brubaker alikuwa amemvumilia kaka yake Merle kwa zaidi ya miaka sabini, na hiyo si kazi ndogo, maana Merle alikuwa mjuaji wa kutupwa. Lakini Jumamosi ile uvumilivu ulimwishia ndani ya gari, kabla hata hawajafika kwenye ukumbi wa zimamoto ambako watu walikuwa wamepanga meza za kuuza na kuonyesha vitu vya zamani vya vita.

"Kesho ukisimama kusimulia ile hadithi ya Mjerumani," Merle alisema, "na mimi nasimama. Nitawaambia watu ni uongo."

"Kwenye chakula cha kumkumbuka baba yako mzazi? Mbele ya kanisa zima? Huna haya, Merle?"

"Baba alikuwa mpishi wa jeshi. Alimenya viazi vita nzima. Beji kainunua dukani, akajitungia."

Arlene akaukumbatia mkoba wake kwa hasira. Hadithi yenyewe ilikuwa fupi: mzee Clayton, baba yao, akiwa askari wa Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia, alimpa mateka mmoja wa Kijerumani mkate na supu, na yule kijana, kwa kuwa hakuwa na kingine, akampa beji yake ya majeruhi, ile waliyopewa askari waliojeruhiwa vitani. Beji ya bati jeusi, yenye kofia ya chuma katikati na panga mbili nyuma yake. Arlene aliipenda hadithi hiyo kuliko kitu chochote alichoachiwa na baba yake.

Sasa Merle, ambaye maisha yake yote aliuza matrekta, alikuwa amesoma mahali kwamba beji halisi za wakati wa vita zina msalaba wa Kinazi kwenye ile kofia. Mwaka 1957 serikali ya Ujerumani iliwaruhusu askari wa zamani kuvaa beji zao tena, ila bila msalaba, basi viwanda vikatengeneza mpya. Na beji ya baba haikuwa na msalaba. Kofia tupu! Merle alifurahi utadhani kaokota lulu.

Ndiyo maana walikwenda kwa Dokta Stoltz. Huyu alikuwa daktari wa meno mstaafu aliyeng'oa magego ya nusu ya wilaya, na tangu astaafu kazi yake ilikuwa kutenganisha beji za kweli na za kuiga. Alikuwa amekaa mle ukumbini nyuma ya meza yake na bakuli la supu ya maharage.

"Merle Brubaker!" akasema. "Mdomo wako naukumbuka. Uliniuma kidole."

"Nilikuwa na miaka thelathini, Dokta. Nilikuwa naogopa."

"Lete mgonjwa tumwone."

Arlene akafungua leso. Dokta akaipima beji mkononi, akainusa, akavaa miwani yake ya kukuzia. Akaitazama mbele kwa muda mrefu.

"Msalaba hakuna," akasema.

Merle akakohoa, kile kikohozi chake cha ushindi. Arlene alitamani kumpiga na mkoba. Kisha akamwonea baba yake huruma, huruma ya kweli, kana kwamba mzee alikuwa amesimama pale kati yao akisubiri kuitwa mwongo.

Dokta akaigeuza. Akaacha kutafuna. Akatoa mfukoni kile kioo kidogo cha kutazamia meno, akakiingiza kwenye uvungu wa ile kofia.

"Hebu njoo hapa, Merle. Unaona nini humu ndani?"

Merle akainama. "Kutu."

"Chini ya kutu."

Merle akakaza macho. "Kuna... aisee. Kuna msalaba."

"Bati hili limegongwa kwenye chapa. Kilichotokeza mbele kimebonyea nyuma. Mbele mtu kaufuta, nyuma hakuweza. Hizo zako za hamsini na saba, ndani ya kofia ni laini kama kijiko. Hii ni ya vita, bwana."

"Basi baba kaufuta mwenyewe kwa tupa," Merle akasema, maana yule hakubali hata akizama. "Karakana yake imejaa tupa."

"Tupa inaacha mistari iliyonyooka. Tazama mikwaruzo hii, inazunguka tu. Mtu kaishika kwa vidole akaisugua kwenye jiwe, au kwenye sakafu ya saruji. Pale juu ndipo palipoinuka, ndipo palipolika. Huyu hakuwa na tupa. Hakuwa na chombo chochote."

"Mateka," Arlene akasema.

"Jina lake silijui, mama. Lakini duka halihusiki hapa. Wakusanyaji wenzangu watakwambia imeharibiwa. Usiwasikilize."

Arlene alicheka peke yake kwa raha, machozi yakimtoka, na Dokta Stoltz akarudi kwenye supu yake.

Akina mama wa zimamoto walikuwa wanauza pai ya molasi kule mwisho wa ukumbi. Arlene akanunua vipande viwili, wakakaa kwenye benchi. Alikuwa amejiandaa kumsimanga kaka yake mpaka jioni, na angemsimanga kweli, lakini Merle hakula. Aliishika ile beji, kidole gumba kikipita mle uvunguni.

"Huyo Mjerumani," akasema, "alijeruhiwa wapi?"

"Mguuni. Merle, baba kaisimulia kila sikukuu ya Shukrani!"

"Akianza tu nilikuwa natoka nje kuvuta sigara."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka. Nilijua mwakani ataisimulia tena."

Arlene akamtazama yule mzee mjuaji, mvi zimejaa, pai haijaguswa. Hasira zote zikamtoka.

"Kula kwanza," akamwambia.

"Hapana. Nisimulie, dada. Anza pale alipokuwa anaanzia yeye."

Arlene akaweka uma chini, akasafisha koo kama baba yao alivyokuwa akifanya, akaanza na viazi.