Msimbo Anaoufungua Mwenyewe

Sista Nerima, muuguzi, alikuwa na sentensi moja tu ya kujitetea, na aliipigania mwenyewe. Miaka mitatu nyuma, zahanati ya kanisa pale Tassia iliandikiana mkataba na kampuni ya Musau, iwatengenezee programu ya kukokotoa dozi za watoto wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu. Mkataba ulisema kazi ikiisha, kampuni itakabidhi msimbo chanzo, yaani yale maandishi yanayounda programu yenyewe. Wengine wakauita kwa Kiingereza, sosi kodi. Mzee mmoja wa kamati akaruka: "Kodi gani tena, na nyumba ni ya kanisa?" Watu wakavunjika mbavu. Nerima hakucheka. Alitaka iandikwe huo msimbo ni kitu gani hasa, na hakuwapa raha hadi ikaandikwa: "Msimbo chanzo ni ule ambao mwandishi mwenyewe huufungua anapotaka kurekebisha programu, pamoja na maelezo yake yote."

Sasa maji yalikuwa yamefika shingoni. Nekesa, msichana wa miaka kumi na mitatu, aliletwa mara ya tatu mwezi huo akilia kwa maumivu ya mifupa. Nerima akampima: kilo thelathini na nane. Akatazama lebo ya dawa iliyochapwa na programu. Dozi ilikuwa ile ile ya mwaka jana, mtoto alipokuwa na thelathini. Akaingiza kwenye programu uzito wa arobaini, kisha hamsini. Programu ikatoa dozi ya thelathini bila haya. Daktari alirekebisha ya Nekesa kwa mkono siku hiyo hiyo, lakini zahanati nne zilitumia programu hiyo. Na kama imekosea hapa, nani angejua imekosea wapi kwingine? Nerima hakulala vizuri wiki nzima.

Kampuni, mkataba ulipoisha, ilikuwa imeleta flashi yenye msimbo. Hanad, mtaalamu wa kompyuta waliyemwajiri kurekebisha, aliifungua akashika kichwa.

"Sista, hawa wamekuchezea. Msimbo umesagwa. Majina yote yamekuwa a, b, c, maelezo yamefutwa, kila kitu kiko kwenye mstari mmoja. Kompyuta itausoma, lakini mimi nitazeeka hapa."

"Hutazeeka," Nerima akasema. "Vaa viatu."

Ofisi ya Musau ilikuwa Ziwani. Mwenyewe aliwapokea kwa tabasamu pana, tai imenyooka.

"Madam, msimbo ni msimbo. Tuliowapa unafanya kazi, ama haufanyi?"

"Unafanya."

"Basi?"

Loo, hilo "basi" alivyolitamka! Nerima alisikia damu ikimpanda kichwani. Angekuwa mwanawe angemvuta masikio. Badala yake alivuta kiti akaketi bila kukaribishwa, karibu na kijana aliyekuwa ameinamia kompyuta akijifanya hayupo. Huyo ndiye Lusweti, aliyeiandika programu.

"Mwanangu, kwenye lebo yenu neno 'kilo' limeanza na herufi ndogo. Nataka kubwa. Unaweza kunirekebishia?"

"Naweza, senje," akajibu, kama anayemwita shangazi yake.

Musau akacheka. "Hilo tu? Mrekebishie madam aende zake."

Lusweti akabonyeza hapa na pale, kama mtu afanyavyo kazi yake ya kila siku. Kwenye kioo yakatokea maandishi yaliyopangwa vizuri, mstari chini ya mstari, na majina kamili: uzito, umri, dozi. Hanad, aliyesimama nyuma yao, akaruka.

"Sista! Huu si ule wa kwenye flashi!"

"Funga!" Musau akafoka.

"Hafungi mtu." Nerima aliutoa mkataba kwenye mkoba, akaubwaga mezani na kuisoma sentensi yake polepole, neno kwa neno. "Mwandishi mwenyewe ameufungua. Ameufungua ili arekebishe. Mbele yako, na wewe ndiwe uliyemwambia."

Musau akautupia mkataba jicho. "Sawa, lakini hayo maelezo ya pembeni ni mambo ya ndani ya vijana wangu. Hayakuhusu."

"Pamoja na maelezo yake yote," Nerima akasoma tena.

Lusweti alichomeka flashi na kunakili kila kitu, bila kumtazama mkubwa wake. Kisha akashusha maandishi hadi mahali fulani, akasogea kando.

"Senje, soma hapa."

Nerima akavaa miwani. Kando ya namba thelathini palikuwa pameandikwa: "Hii nimeiweka kwa muda tu. Daktari hajajibu. Tutarudi hapa kabla programu haijaanza kutumika." Tarehe ilikuwa ya miaka mitatu iliyopita.

"Ulimwambia mtu?"

"Nilimwambia bosi. Akasema muda umekwisha, zahanati inangoja. Nikanyamaza."

Nerima alimwona Nekesa akilini, yuko kitandani, magoti yamekunjwa hadi kifuani, akiuliza kama dawa imeshaanza kufanya kazi. Musau alikuwa ameanza kusema jambo kuhusu wakili. Hakuna aliyemsikiliza.

"Tafuta hilo neno," Nerima akasema.

"Neno gani?"

"Tutarudi. Litafute humo mote."

Lusweti akaandika, akabonyeza. Kompyuta ikafikiri kidogo, kisha ikaonyesha idadi ya mahali lilipoandikwa: kumi na moja.

Nerima akasogeza kiti mbele, akafungua daftari lake.

"Anza na la kwanza."