Nani Amechomeka Friji?

Wanangu wote wawili wamepita miaka hamsini, lakini Jumapili ile walirudia utoto jikoni kwangu, hapa mjini Zrenjanin. Desanka alikuwa ameikuta darini, nyuma ya mitungi ya achari, ile kompyuta yao ya zamani yenye vitufe vya mpira, pamoja na kaseti moja yenye mwandiko wa marehemu baba yao: "Kuku na Plamu." Huo ni mchezo wa kompyuta, na tuliunasa redioni, kwa kuwa siku hizo michezo ilirushwa hewani kama sauti. Enzi zile mtangazaji alisema, "Haya, tayarisheni kaseti," kisha redio ikakwaruza kama paka aliyekanyagwa mkia, nasi nyumba nzima tukarekodi kimya, hata kukohoa marufuku.

"Leo nakuvua taji," Desanka akamwambia kaka yake. Miloje amejisifia alama zake mia tisa na kumi za mchezo huo tangu utotoni. Hata kwenye harusi ya dada yake alizitaja.

"Wewe? Hata miwani yako hujui umeiweka wapi."

"Iko kichwani. Mama, chomoa friji!"

Ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba. Friji ikinguruma tu, umeme unashtuka na kompyuta inasahau kila kitu. Nikachomoa. Kaseti ikaanza kulia, mistari ya rangi ikacheza pembeni mwa kioo cha televisheni iliyounganishwa na kompyuta, halafu kimya. Imekwama! Desanka akachukua bisibisi, akageuza skrubu ndogo ya kicheza kaseti, ile ya kurekebisha usomaji, polepole, mpaka mlio ukawa mkali.

Kuku huyo! Yule yule mwekundu, miguu kama njiti! Nilipiga makofi mpaka unga niliokuwa nikiukanda ukaruka mikononi.

Desanka alicheza huku ametoa ulimi pembeni, vilevile kama alipokuwa darasa la nne. Mia saba. Mia nane. Miloje akaacha kucheka, akawa anaizunguka meza.

"Mkono unatetemeka, bibi wewe!"

"Hebu nyamaza!"

Mia tisa na ishirini! Desanka akaruka kutoka kitini, na papo hapo friji ikanguruma. Kioo kikawa cheupe pee.

"Nani amechomeka friji?"

Miloje alikuwa amesimama kando ya soketi ya ukutani, masikio mekundu. "Nyama ya mama humo ndani ingeoza."

"Nyama! Mama, uliona lakini?"

"Niliona," nikasema. "Mia tisa na ishirini."

Miloje akanitazama, akakitazama kioo kitupu. Kisha akainama, akachomoa friji mwenyewe na kurudisha kaseti mwanzo.

"Sogea huko," akamwambia dada yake. "Zamu yangu."